Sungura wa Revlon, New York 1980: kampuni ikisema hakuna njia nyingine, imetafuta?

Tarehe 15 Aprili 1980 waliofungua gazeti la New York Times walikuta ukurasa mzima umelipiwa tangazo ambalo haliuzi kitu. Kuna picha ya sungura mweupe kabandikwa plasta machoni, na swali kwa herufi kubwa: Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo? Revlon kipindi hicho ni jina kubwa sana kwenye lipustiki, rangi za kucha, maskara, yani vitu vya uso na nywele karibu vyote, makao makuu yake yapo palepale New York, na mtu aliyekuwa nyuma ya tangazo ni mwalimu wa sekondari anaitwa Henry Spira. Kufika Desemba mwaka huohuo kampuni ikakubali kutoa hela ya kutafuta kipimo kisichotumia macho ya wanyama, hela ambayo ilikuwa imeizungukazunguka kwa zaidi ya mwaka.

Nataka tukichambue hiki kisa taratibu kwa sababu watu wengi wakijadili kutesti bidhaa kwa wanyama wanakimbilia moja kwa moja kwenye swali la je uhai wa mnyama ni sawa na wa binadamu, wanabishana hapo mpaka wanachoka, kila mtu anaondoka na alichokuja nacho. Hapa kuna swali linalotangulia hilo, na kwangu mi ndo lenye uzito zaidi: kampuni ikisema "hakuna njia nyingine ya kuhakikisha usalama", imeitafuta hiyo njia? Imetenga hela kiasi gani kuitafuta? Maana kama hujatafuta huwezi kusimama mbele za watu ukasema haipo.

Ila tuwe wa haki, tuanze na sababu ya hiyo testi ya kutia bidhaa kwenye jicho la sungura kuwepo, maana haikuanzishwa na watu waliopenda kutesa sungura.

Miaka ya 1930 Marekani kulikuwa na rangi ya kope na nyusi inaitwa Lash Lure. Ndani yake kulikuwa na kemikali ya rangi ya jamii ya parafenilinidiamini, ambayo kwa baadhi ya watu inawasha na kuchoma vibaya mno. Wanawake walienda saluni kupendezesha macho wakarudi na vidonda, kuna aliyepofuka na kuna aliyekufa kwa maambukizi yaliyofuata. Na serikali haikuwa na pa kuishika ile bidhaa kwa sababu sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906 haikugusa vipodozi kabisa. Mwaka 1938 ndo ikapitishwa sheria mpya iliyoweka vipodozi chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Sasa FDA ikahitaji kipimo, namna ya kusema kitu hiki kinaumiza jicho na hiki hakiumizi, na mwaka 1944 mtaalamu wake wa sumu John Draize na wenzake wakachapisha utaratibu ambao ukaja kuitwa jina lake. Kwaiyo mtu akikwambia testi ya Draize ilitokana na machozi ya watu halisi hadanganyi, na yeyote anayepinga testi hizi lazima awe na jibu kwa yule mwanamke aliyepofushwa na rangi ya kope. Mi naona ni jambo la lazima, sio la hiari.

Haya, testi yenyewe inafanyikaje. Sungura weupe wanapendwa kwa sababu wako wapole, bei yao ni ndogo, wana jicho kubwa na halina rangi kwaiyo wekundu na ukungu unaonekana vizuri. Anawekwa kwenye kiboksi cha kumbana, kichwa tu kinatokeza, ili asiweze kujikuna wala kujipangusa. Mtu anavuta kope la chini linatoka kama kimfuko kidogo, anadondoshea humo mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa, au kama ni unga au kitu kigumu kilichosagwa basi miligramu 100, alafu anayashika makope yafumbe kidogo ndo anaachia. Jicho moja linatiwa, la pili linaachwa zima kwa ajili ya kulinganisha. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kutumia sungura sita kwa kitu kimoja. Baada ya hapo ni kusubiri na kuangalia, saa 24, saa 48, saa 72, na kama kidonda hakijapona wanaendelea kuangalia mpaka siku 21. Dawa ya ganzi kwa kawaida hapewi.

Anayeangalia anajaza maksi kwenye fomu. Konea, yani kile kioo cha mbele cha jicho, je kimeingia ukungu, ukungu mzito kiasi gani, umefunika eneo kiasi gani. Sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, je bado inaitikia mwanga. Ngozi laini ya ndani ya kope, je nyekundu, imevimba, inatoa usaha. Jumla ya maksi zote ni 110, na 80 kati ya hizo ni za konea peke yake. Sasa fikiria maksi za juu kwa konea zinamaanisha nini kwa mwenye hilo jicho. Povu la sabuni likikuingia machoni unakimbilia bomba huku umefumba macho, ndani ya dakika chache umesahau. Sungura kwenye kiboksi hana bomba na hana mikono.

Na hata ukiweka maumivu pembeni, jicho la sungura sio jicho la mtu. Anapepesa mara chache sana kuliko sisi, machozi yake hayasafishi haraka kama yetu, konea yake ni nyembamba zaidi, na ana kope la tatu ambalo binadamu hatuna. Alafu hizo maksi zinatolewa na mtu kwa kuangalia tu, huyu anaona wekundu wa wastani, yule anaona mkali. Mwaka 1971 Weil na Scala walichapisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa vitu vilevile vipimwe, na tofauti ilikuwa ya kutisha, kitu ambacho maabara moja imekipa maksi za ukali, nyingine inakiona hakina neno. Kwaiyo miaka tisa kabla ya tangazo la Spira ilikuwa imeshaandikwa na wanasayansi wenyewe, kwenye jarida lao la mambo ya sumu, kwamba kipimo kinachotegemewa na kila mtu kinayumba. Na kiliendelea kutumika vilevile.

Hapo ndo pananiumiza kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Mtu anaweza kutetea kumuumiza mnyama kwa kusema faida yake kwa binadamu ni kubwa, sawa, hiyo ni hoja, tuijadili. Lakini hoja hiyo inasimama kwenye mguu mmoja tu, kwamba taarifa unayoipata ni ya kweli. Mguu huo ukiwa na ufa na wewe unajua una ufa na huchukui hatua yoyote kuurekebisha kwa miaka tisa, huwezi tena kusema unafanya kwa ajili ya usalama wa mteja. Unafanya kwa mazoea, na kwa sababu fomu ikijazwa wanasheria wanalala usingizi.

Turudi kwa Spira. Alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1927, familia yake ikahamia Marekani akiwa kijana mdogo, akafanya kazi melini, akafanya kiwandani kwenye magari, akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi na harakati za haki za weusi, ndo baadae akawa mwalimu. Mwaka 1974 alihudhuria darasa la mwanafalsafa Peter Singer pale Chuo Kikuu cha New York, lililohusu wajibu wetu kwa wanyama, na kuanzia hapo akaona hao nao ni wanyonge kama wanyonge wengine aliowahi kuwapigania. Kampeni yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya majaribio ya paka kwenye jumba la makumbusho la American Museum of Natural History, na mwaka 1977 majaribio yakasimama. Kwaiyo alipokuja kwa Revlon hakuwa mtu wa kupiga kelele tu, alishajua mchezo unachezwaje.

Na alianza kwa mazungumzo. Mwaka 1978 alienda kwa Revlon na pendekezo ambalo ukilisoma leo unashangaa jinsi lilivyokuwa la kiungwana. Hakuwaambia waache kutesti kesho. Aliwaambia watenge sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya mauzo yao, kama dola 170,000 hivi, ziende kwenye utafiti wa njia isiyotumia macho ya wanyama. Yani kwenye kila dola elfu kumi zinazoingia, dola moja. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza, wakasema watalifanyia kazi, na mwezi ukapita, na mwingine, mpaka mwaka ukaisha.

Tusimame hapo kwanza maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapo. Kampuni ilikuwa na hoja gani mkononi?

Hoja kubwa ni usalama, na nimeshasema ni hoja ya kweli. Bidhaa ikiingia kwenye jicho la mtoto anayechezea begi la mama yake, mtu anataka kujua itafanya nini. Sawa kabisa. Ila wajibu wa kumlinda huyo mtoto hauishii kwenye kutumia kipimo kilichopo, unakudai pia ujue kama kipimo chako kinasema kweli. Anayemjali mtoto angekuwa wa kwanza kutoa hizo dola 170,000, maana kipimo bora kinamlinda mtoto kwanza, sungura baadae. Kwaiyo kwa hoja yao wenyewe walipaswa kusema ndiyo siku ya kwanza, kabla hata Spira hajamaliza kuongea.

Hoja ya pili ilikuwa sheria. Watu wengi wanaamini sheria ya Marekani ililazimisha vipodozi vitestiwe kwa wanyama, na haikuwa hivyo. Ilichodai ni bidhaa isiwe na madhara na isipotoshe, na tangu mwaka 1975 kukawa na kanuni kwamba kama usalama wa kipodozi haujathibitishwa basi lazima pakiti iandikwe onyo kwamba usalama wake haujajulikana. Uthibitishe kwa njia gani, kanuni haikutaja sungura. Ila ukweli mwingine ni kwamba mahakamani, mteja akishtaki, faili la Draize lilikuwa ushahidi mzuri kwamba kampuni imefanya kile ambacho kila mtu kwenye biashara hii anafanya. Hii ni hofu halali ya mfanyabiashara, siwezi kuidharau, lakini tuite kwa jina lake: ni ulinzi wa kampuni. Sungura anaumia ili faili lipatikane, na faili linamlinda aliyeuza zaidi ya aliyenunua.

Ya tatu, wote tunafanya hivi, kwanini mimi? Na kweli, Avon walifanya, Estée Lauder walifanya, na viwanda vya sabuni na dawa za kufulia pia. Kumshika Revlon peke yake inaonekana kama kuonea. Spira alimchagua makusudi kwa sababu jina la Revlon ni jina la uzuri, na kuweka neno urembo karibu na neno kupofusha kunamfanya msomaji wa kawaida atulie aulize. Je ni haki kumbebesha mmoja lawama ya wote? Kwangu mi ni haki kwa kampuni iliyofuatwa mlangoni kwa staha, ikaonyeshwa njia rahisi, ikachelewesha kwa hiari yake. Wengine walikuwa hawajapewa hiyo nafasi. Aliyepewa nafasi akaikalia ana deni zaidi ya ambaye hajaulizwa.

Baada ya tangazo mambo yakaenda haraka. Spira alikuwa ameshakusanya muungano wa mashirika zaidi ya 400, kuanzia wale wa kuokota mbwa mitaani mpaka wanaharakati wakali, na mwezi Mei mamia ya watu wakaandamana mbele ya ofisi za Revlon, wengine wamevaa kama sungura. Watu wakaanza kuandika barua, wanatupa vipodozi, wanauliza maswali. Kampuni ikabadilisha mtu wa kuongea na Spira, safari hii akawekwa aliyekuwa tayari kuelewana, na tarehe 23 Desemba 1980 ikatangazwa kwamba Revlon itatoa dola 750,000 kwa miaka mitatu kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kwa ajili ya utafiti wa mbadala wa testi ya Draize. Piga hesabu mwenyewe, ni dola 250,000 kwa mwaka, zaidi ya zile 170,000 walizoombwa kwa upole miaka miwili nyuma. Avon nao wakaingia kwa kiasi hichohicho, Estée Lauder wakachanga, na chama cha makampuni ya vipodozi kikatoa dola milioni moja iliyoanzisha kituo cha utafiti wa mbadala wa kutumia wanyama pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1981, kituo ambacho kikawa moja ya nguzo za sayansi hii.

Kuna kitu kidogo cha kuangalia hapo kwa karibu. Makubaliano yalipoandikwa, Revlon hawakuambiwa wakiri walikosea, na Spira aliwapongeza hadharani kama viongozi wa njia mpya. Kuna waliokasirika, wakasema umewapa hawa watu sifa wakati bado wanatia kemikali kwenye macho ya sungura. Na ni kweli bado walikuwa wanatia. Sungura wa mwaka 1981 hakuona tofauti yoyote, wala wa 1983. Ilibidi ifike 1989 ndo Avon ikatangaza kuacha kutesti kwa wanyama, Revlon nao wakafuata muda mfupi baadae. Miaka tisa.

Hiyo miaka tisa inanisumbua na haipaswi kupitwa kirahisi. Wapinzani wa Spira ndani ya harakati walikuwa na hoja ya maadili iliyonyooka: kama kumpofusha sungura kwa ajili ya maskara ni kosa, basi ni kosa leo, huwezi kumwambia mtu endelea kukosea huku ukitafuta namna ya kuacha. Wangesema dunia haina upungufu wa maskara, viambato vya zamani vilivyotumika miaka mingi vinajulikana, tengeneza na hivyo, uache kuleta kemikali mpya ambazo hakuna anayezihitaji. Kwa mtu anayeamini mnyama ana haki yake mwenyewe isiyouzwa hata kwa faida kubwa, hoja hii haina jibu, na mi naikubali zaidi ya nusu, hasa kwa vipodozi. Dawa ya ugonjwa unaoua ni mazungumzo mengine, huko kuna mgonjwa upande wa pili. Rangi mpya ya lipustiki upande wa pili haina mgonjwa.

Ila ukiangalia kilichowezekana New York mwaka 1980 unamuelewa Spira. Angedai waache kesho yake, Revlon wangejibu kwa neno moja, usalama, na umma ungekuwa upande wao, tangazo lingesahaulika. Kwa kudai utafiti aliwanyima hilo neno. Hakuna mama wala mwanasheria anayeweza kupinga kutafuta kipimo bora. Na hela ilipoingia, watu wenye shahada zao wakaanza kuajiriwa kufanya kazi ambayo kabla yake mwanasayansi akiitaja anaonekana mtu wa hisia tu, ikawa fani yenye kituo, wanafunzi na bajeti. Wazo lenyewe lilikuwepo tangu 1959, Russell na Burch wa Uingereza walishasema mtafiti anapaswa kubadilisha mnyama na njia nyingine anapoweza, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Miaka ishirini lilikaa karatasini bila wa kuligharamia.

Lawama yangu kwa makubaliano yale iko sehemu nyingine. Yalihusu hela na muda wa hela, hayakuweka tarehe ya kuacha wala masharti ya hapa katikati. Na masharti yalikuwepo ya kuweka. Kitu chenye asidi kali au alkali kali kinajulikana kitachoma jicho, hakuna haja ya kukitia kwa yeyote ili kuthibitisha, kipime kwa karatasi ya pH kitupe nje. Unaweza kuanza na sungura mmoja badala ya sita, na akiumia vibaya unasimama hapohapo kwa sababu umeshapata jibu. Unaweza kutia kiasi kidogo zaidi. Unaweza kumpa dawa ya ganzi na ya maumivu. Na hili la mwisho ndo naomba msomaji alikumbuke: miongozo ya kimataifa ya OECD, yani ule umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, kuhusu testi ya jicho la sungura ilirekebishwa ili ganzi na dawa ya maumivu ziwe sehemu ya utaratibu wenyewe mwaka 2012. Kutoka 1944 mpaka 2012. Hiyo haikuhitaji uvumbuzi wowote wala kituo chochote cha utafiti, matone ya ganzi ya macho madaktari walikuwa nayo kabla hata ya Draize. Ilihitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aone maumivu ya sungura ni kitu cha kuhesabiwa.

Mbadala wenyewe ulichelewa lakini ulikuja. Mwaka 2009 OECD ilikubali kipimo kinachotumia konea za ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama na kingine cha macho ya kuku wa machinjioni, na kwenye kile cha ng'ombe unapima ukungu kwa mashine badala ya jicho la mtu na fomu. Mwaka 2015 kikaingia kipimo cha tabaka la seli za binadamu zilizooteshwa maabara zikafanana na uso wa konea, unatia kemikali unapima seli ngapi zimebaki hai. Kuna anayeuliza, konea ya ng'ombe si bado mnyama? Ndiyo, na maji wanayooteshea seli mara nyingi yanatiwa seramu inayotoka kwenye damu ya ndama ambaye hajazaliwa. Anayesema mbadala hauna mnyama kabisa anatia chumvi. Lakini tofauti ya ng'ombe ambaye ameshachinjwa kwa sababu nyingine na sungura aliyewekwa kwenye kiboksi akiwa mzima macho kwa ajili ya shampuu ni kubwa, na hakuna kipimo kimoja kilichofuta Draize peke yake, wanaviunganisha viwili vitatu ndo wanapata jibu.

Sheria nazo zikafuata. Uingereza iliacha testi za vipodozi kwa wanyama mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kwa bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, viambato mwaka 2009, na kuanzia Machi 2013 hata kuuza kipodozi kilichotestiwa kwa wanyama kwingineko ikawa marufuku. Wakati huohuo China ilikuwa inadai vipodozi kutoka nje vitestiwe kwa wanyama kabla ya kuingia sokoni, na makampuni yaliyojivunia kuacha tangu 1989 yakajikuta yanachagua kati ya ahadi na soko. Mwaka 2012 Avon na Estée Lauder, walewale waliochanga baada ya Revlon, waliondolewa kwenye orodha ya shirika la kutetea wanyama la PETA ya kampuni zisizotesti kwa wanyama kwa sababu hiyo. China ilianza kulegeza mwaka 2014, na Mei 2021 ikaruhusu vipodozi vingi vya kawaida kutoka nje viingie bila testi hizo, kwa masharti ya vyeti.

Na usidhani Ulaya walimaliza. Kampuni ya Ujerumani inaitwa Symrise iliagizwa na wakala wa kemikali wa Umoja wa Ulaya ifanye testi kwa wanyama kwa viambato viwili vya kuzuia miale ya jua ambavyo vinatumika kwenye vipodozi tu. Kampuni ikakataa ikasema hivi ni vya vipodozi, vimepigwa marufuku kutestiwa. Wakala ukajibu kwamba marufuku inamhusu mteja, ila mfanyakazi wa kiwandani anayeshika kemikali hiyo kwa wingi analindwa na sheria nyingine ya kemikali, na hiyo inadai data. Novemba 2023 mahakama ya Umoja huo ikaupa wakala ushindi.

Mfanyakazi wa kiwandani ni mtu halisi kama yule mwanamke wa Lash Lure, na siwezi kumwambia usalama wake hauna maana. Ninachotaka kuona kwenye faili la kesi kama hiyo ni kile ambacho Spira alikitaka mwaka 1978: nani alilipwa kutafuta njia nyingine kwa ajili ya testi hii hii, lini, kwa kiasi gani, na alikwama wapi. Kama kwenye faili hakuna karatasi hiyo, agizo la kutumia wanyama lisitoke mpaka ipatikane, na gharama ya kuitafuta iwe ya anayeuza kiambato.